Video za utamaduni wa Meksiko na Kihispania kinachokwama mdomoni

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mwongoza watalii hapa Arusha. Kwa miezi minane sasa, kila usiku hutazama video za Kihispania kwa dakika arobaini hivi, na karibu zote zinahusu Meksiko: vyakula, masoko, sikukuu, ngoma na kazi za mikono. Nilianza kwa kupenda tu, bila mpango wowote. Siku hizi namwelewa msimulizi vizuri, hasa nikisoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini. Lakini mwezi uliopita nilipata wageni wanne kutoka Madrid, na ndani ya gari sikuambulia ila neno moja moja. Nilipotaka kusema, maneno yalikwama. Mwenzangu kazini ananiambia nimejipotezea muda, kwamba Kihispania cha Meksiko si sahihi, na kwamba niache nianze upya na cha Hispania. Je, ni kweli asemavyo? Mtu anaweza kujifunza lugha kwa kutazama utamaduni wa nchi moja tu? Na yale maandishi ya chini yananisaidia au yananidumaza?"

Marahaba. Nimelisoma swali lako zaidi ya mara moja, kwa sababu ndani yake kuna masikitiko ya mtu aliyefanya kazi kwa miezi mingi kisha akaonja aibu mbele ya wageni, na aibu ya namna hiyo huwafanya wengi waitupe lugha wakati ambapo imeanza kuiva. Niseme mapema kwamba muda wako haukupotea. Usiiache Meksiko. Unachohitaji kubadilisha ni namna unavyotazama, na jambo la kwanza la kubadilisha ni hayo maandishi ya Kiingereza, ambayo nitayarudia.

Nianze na dai la mwenzako, kwa kuwa ndilo linalokuvunja moyo na ndilo lenye msingi mdogo kuliko yote. Hakuna nchi duniani yenye wazungumzaji wengi wa Kihispania kuliko Meksiko. Sensa ya mwaka 2020 ilihesabu watu milioni 126, na walio wengi mno kati yao lugha yao ya kwanza ni Kihispania. Hispania yenyewe haifikii nusu ya idadi hiyo. Chombo kinacholea lugha hiyo mjini Madrid, Real Academia Española, kilianzishwa mwaka 1713, lakini Meksiko nayo ina chake tangu 1875, na umoja wa vyombo vyote vya aina hiyo, kutoka Amerika, Hispania na hata Guinea ya Ikweta hapa barani kwetu, ulizaliwa katika Jiji la Meksiko mwaka 1951. Kamusi kuu na sarufi rasmi siku hizi huandaliwa kwa ushirikiano wa vyombo hivyo. Hata mtihani wa DELE, unaotolewa na Instituto Cervantes kwa niaba ya serikali ya Hispania, humkubalia mtahiniwa kutumia Kihispania cha Meksiko bila kumkata alama, mradi asiwe anarukaruka kutoka namna moja hadi nyingine. Mtu wa Mvita na mtu wa Unguja hutofautiana katika maneno na matamshi, na hakuna anayemwambia mwenzake kwamba alichonacho si Kiswahili. Hivyo ndivyo ilivyo kati ya Puebla, mji wa Meksiko, na Madrid.

Hata hivyo, tofauti zipo, na baadhi yake ndizo zilizokupiga chenga garini. Katika sehemu kubwa ya Hispania, herufi z, na c inapofuatwa na e au i, hutamkwa kama th ya "thelathini", ilhali Meksiko hutamkwa s. Masikio yako yamezoea "grasias", ghafla yakasikia "grathias". Wahispania wanapozungumza na watu wengi waliozoeana nao husema "vosotros", na vitenzi vyao huishia kwa sauti ambazo video zako hazina kabisa. Wameksiko husema "ustedes" kwa kila kundi, la rafiki na la mgeni. Tena, kwa jambo lililotokea leo hii, mtu wa Madrid hupenda kusema "¿Habéis visto leones?", mahali ambapo mtu wa Meksiko angesema "¿Vieron leones?". Swali ni lile lile, mmewaona simba, lakini kwa aliyezoea umbo la pili, la kwanza hupita kama upepo. Mambo haya si mengi, na ukiyajua majina yake na kuyasikiliza kwa makusudi, wiki chache zinatosha kuyazoea.

Lakini sidhani kwamba lafudhi ndiyo iliyokuangusha zaidi. Fikiria ulichokuwa ukisikiliza kwa miezi minane, kisha fikiria kilichokuwa ndani ya gari. Msimulizi wa video huzungumza peke yake, ameyapanga maneno yake, anatazama kamera, na picha inakuonyesha kile anachokitaja wakati ule ule anapokitaja. Wageni wanne kwenye gari hukatizana kauli, huzungumza wakiwa wamegeuzia nyuso zao dirishani, humaliziana sentensi, hucheka katikati ya neno, na wanarejelea mambo ya kwao usiyoyajua. Kihispania cha mazungumzo hutiririka kwa takriban silabi saba au nane kwa sekunde, na maneno yake hushikana: irabu ya mwisho ya neno moja humezwa na irabu ya mwanzo ya neno linalofuata, hata "va a hacer" ikasikika kama neno moja fupi. Kuwafuata watu wanne wanaozungumza wao kwa wao ni daraja la juu kabisa la usikivu, na hakuna anayeanzia hapo. Kama mmoja wao angekugeukia na kukuuliza swali moja pole pole, naamini ungeelewa zaidi ya unavyofikiri.

Sasa nije kwenye lile swali la nchi moja. Wengi hudhani kwamba kung'ang'ania mada moja ni kujifungia, na kwamba mwanafunzi mzuri huonja kila kitu. Kwa mtu ambaye bado anajenga msamiati, mambo ni kinyume. Stephen Krashen, mwanaisimu wa Marekani aliyeandika sana juu ya jambo hili kuanzia miaka ya 1980, alishikilia kwamba lugha huingia pale tunapoelewa ujumbe, na akawahimiza wanafunzi wakae kwa muda mrefu kwenye mada moja au mwandishi mmoja. Sababu yake ni ya kihesabu. Paul Nation, mtaalamu wa msamiati kutoka New Zealand, amekadiria kwamba ili usome kwa utulivu bila msaada unahitaji kuyajua maneno takriban 98 katika kila mia, yaani neno geni moja tu katika hamsini. Anayeruka kutoka habari za mpira leo hadi siasa za Argentina kesho hukutana na maneno mapya kila siku, na yale ya jana hayarudi. Wewe unayekaa Meksiko unakutana na "maíz" (mahindi), "olla" (chungu), "barro" (udongo), "moler" (kusaga), "fiesta" (sherehe), "pueblo" (kijiji) na "abuela" (bibi) wiki baada ya wiki, katika vinywa tofauti, hadi yanakaa yenyewe bila kukaririwa.

Utamaduni huongeza jambo ambalo kamusi haina, nalo ni mazingira yanayokufanya ukisie kwa usahihi. Mwaka wa Meksiko una ratiba yake: usiku wa tarehe 15 Septemba watu hukusanyika kukumbuka mwito wa uhuru wa 1810, tarehe 1 na 2 Novemba ni siku za marehemu, ambazo UNESCO iliziingiza katika orodha ya urithi wa binadamu mwaka 2008, kuanzia tarehe 16 hadi 24 Desemba kuna "las posadas", sherehe za kuingojea Krismasi, na tarehe 6 Januari hukatwa mkate wa mviringo uitwao "rosca de Reyes", ambao ndani yake huwa kimefichwa kijisanamu cha mtoto. Atakayekikuta kwenye kipande chake ndiye atakayewalisha wenzake "tamales", chakula cha unga wa mahindi kinachopikwa kwa mvuke, tarehe 2 Februari. Tazama video yoyote ya mkate huo na utasikia mtu akisema kwa kelele, "¡Me tocó el niño!", mtoto ameniangukia mimi, na wengine wakimjibu, "Te toca poner los tamales", ni zamu yako kuleta tamales. Kitabu kitakuambia kwamba "tocar" ni kugusa. Hapo mezani unaona kwa macho kwamba "te toca" ni zamu yako, ni jukumu lililokuangukia, na hutahitaji kulikariri tena. Na neno hilo hutalitumia kwenye mkate tu: asubuhi, wageni wanapogombania kiti cha mbele cha gari, "¿A quién le toca?", ni zamu ya nani, ndiyo sentensi unayoihitaji.

Tatizo ni kwamba kuelewa na kusema ni kazi mbili, na ya kwanza haikupeleki kwenye ya pili moja kwa moja. Merrill Swain, mtafiti wa lugha wa Kanada, alilieleza jambo hili mwaka 1985 baada ya kuwachunguza watoto waliosomeshwa kwa Kifaransa kwa miaka mingi: walielewa vizuri karibu kila kitu, lakini wakizungumza bado walikosea sarufi ya msingi. Maelezo yake ni kwamba msikilizaji anaweza kupata maana kwa kuokota maneno makuu na kutazama hali, bila kushughulika na viambishi. Msemaji hana njia hiyo ya mkato, kwa kuwa lazima achague mwisho wa kitenzi, jinsi ya nomino na mahali pa kila neno kabla sauti haijatoka. Ubongo wako haujawahi kulazimishwa kuchagua, kwa hiyo ulipohitajika kuchagua mbele ya wageni, ulisimama. Hakuna kipaji kilichokosekana hapo, ni zoezi ambalo halikuwahi kufanyika.

Nikuonyeshe zoezi lenyewe kwa mfano mmoja. Chukua video fupi, isizidi dakika tano, ya mama anayetengeneza "tortillas" kwa mahindi kuanzia mwanzo. Mahindi huchemshwa kwa maji yenye chokaa, huachwa usiku kucha, kisha huoshwa na kusagwa, na matokeo yake huitwa "nixtamal". Chokaa hulegeza ganda la punje, huufanya unga ushikamane, na huuwezesha mwili kuipata niasini, aina ya vitamini, iliyofungika ndani ya mahindi. Ndiyo maana watu wa Meksiko waliishi kwa mahindi kwa maelfu ya miaka bila ugonjwa wa pelagra, unaoletwa na upungufu wa niasini, ambao uliwapata watu wa kwingine walioyachukua mahindi bila kuchukua na maarifa ya chokaa. Mama huyo atasema maneno ya namna hii: "Ponemos el maíz a cocer con agua y cal. Lo dejamos reposar toda la noche. Al día siguiente se enjuaga y se muele." Tunayachemsha mahindi kwa maji na chokaa. Tunayaacha yatulie usiku kucha. Kesho yake huoshwa na kusagwa.

Tazama sasa jinsi Kiswahili chako kinavyokubeba. Katika "lo dejamos", "lo" inawakilisha mahindi na imekaa kabla ya kitenzi, kama vile "ya" ilivyotangulia mzizi katika "tunayaacha". Anayetokea kwenye Kiingereza huhangaika kwa miezi kabla hajazoea kuitanguliza. Wewe unafanya hivyo tangu utotoni. "Se enjuaga" na "se muele" ni kauli ya desturi isiyomtaja mtendaji, karibu sana na "huoshwa" na "husagwa", na video za mapishi na kazi za mikono zimejaa kauli hiyo tele. Kisha mama huyo atamkumbuka bibi yake: "Mi abuela molía en el metate", bibi yangu alikuwa akisaga kwenye jiwe. "Molía" ni jambo lililokuwa likirudiwa. "Molió" lingekuwa alisaga mara moja akamaliza. Ukijiuliza kila mara kama kwa Kiswahili ungesema "alikuwa akisaga" au "alisaga", mara nyingi utapata jibu sahihi.

Baada ya kuielewa video hiyo, zima sauti, iendeshe tena, na wewe uwe msimulizi. Jirekodi kwa simu. Utakwama, na mahali utakapokwama ndipo mahali hasa pa kujifunza, kwa sababu ukiirudisha sauti utalisikia neno ulilokuwa ukilitafuta huku unalihitaji. Siku ya pili fanya tena bila picha. Siku ya tatu ichukue mifupa ya masimulizi yale uivalishe mambo ya nyumbani, na hapa naomba usipite haraka, kwa maana hii ndiyo faida kubwa kuliko zote kwa mtu wa kazi yako. Eleza ugali: "Ponemos el agua a hervir. Agregamos la harina de maíz. Se mueve con una cuchara de madera hasta que espese." Eleza soko la Jumamosi la kijijini kwenu kwa maneno uliyoyapata katika soko la Oaxaca, eleza ngoma, jando, arusi, shuka la Kimasai. Wageni wako hawatakuuliza habari za Meksiko, watakuuliza habari za hapa, na Meksiko imekufundisha namna ya kusimulia utamaduni kwa Kihispania.

Umeiona "espese" mwishoni mwa sentensi ile? Kitenzi ni "espesar", na baada ya "hasta que", kwa jambo ambalo bado halijatokea, a inageuka e. Kwa Kiswahili tunasema "mpaka ushikamane", nasi tunaigeuza a kuwa e. "Quiero que hable", nataka aseme. Ni sadfa tu, na vitenzi vya "-er" na "-ir" huenda kinyume kwa kuchukua a, lakini hisia ya kwamba jambo linalotakiwa au linalongojewa huhitaji umbo lake la pekee, hisia ambayo wanafunzi wengi wa Kihispania huichukulia kama mlima, wewe unayo tayari.

Kuhusu maandishi ya chini, jibu langu ni la wazi. Yale ya Kiingereza yaondoe. Macho husoma haraka kuliko masikio yanavyoweza kuichambua lugha ngeni, hivyo maana inapokwisha kuingia kwa kusoma, sikio halina sababu ya kujitahidi. Mwaka 2009 watafiti Holger Mitterer na James McQueen waliwachunguza Waholanzi waliosikiliza Kiingereza cha lafudhi ngumu za Scotland na Australia: waliopewa maandishi ya Kiingereza walizizoea lafudhi hizo vizuri zaidi, na waliopewa ya Kiholanzi yaliwarudisha nyuma walipokutana na maneno mapya. Kwako hiyo ina maana kwamba maandishi ya Kihispania ni rafiki, kwa kuwa yanakuonyesha neno moja linaishia wapi na lingine linaanzia wapi. Tazama kwanza bila maandishi na ukubali kutoelewa sehemu fulani, kisha tazama na maandishi ya Kihispania, kisha bila maandishi tena. Angalia tu kama yameandikwa na mtu au na mashine. Ya mashine hukosea hasa majina ya mahali na maneno yenye asili ya Kinahuatl, lugha ya wenyeji wa Meksiko.

Maneno hayo ya Kinahuatl yanastahili tahadhari kidogo. Baadhi yameenea duniani kote, kama "tomate" na "chocolate", lakini mengine hayavuki mipaka kirahisi. Hindi bichi ni "elote" Meksiko. Mtu wa Madrid atasema "mazorca". Karanga ni "cacahuate", kwake "cacahuete". Bata mzinga ni "guajolote", kwake "pavo", na mrija wa kunywea ni "popote", kwake "pajita". Yapo pia maneno yanayofanana kwa umbo na kuachana kwa maana. "Tortilla" ya Hispania ni mayai na viazi. "Camión" kwa Wameksiko wengi ni basi, kwa Wahispania ni lori. Na liko moja la kuliogopa kweli: "coger", ambalo Wahispania hulitumia kutwa kwa maana ya kuchukua au kushika, Meksiko ni neno chafu, hivyo kwenye gari lenye wageni mchanganyiko tumia "tomar". Maneno ya vijana kama "güey" na "no manches" yaelewe, lakini usiyatamke mbele ya mgeni anayekulipa. Vivyo hivyo "mande", ambalo Mmeksiko aliyelelewa vizuri huitikia anapoitwa, kama sisi tunavyoitikia "abee" au "naam": ni adabu njema kwao, ila Madrid litasikika geni kidogo, na "¿dígame?" litakufaa zaidi.

Kwa upande mwingine, kitu kimoja cha Meksiko kitakupa heshima bila gharama. Ile "ustedes" uliyoizoea, Wahispania wa bara huitumia kwa watu wa kuheshimiwa. Ukiwaambia wageni wa Madrid "No se bajen del coche, por favor", msishuke garini tafadhali, kwao ni lugha ya mwenyeji mwenye adabu. Huna haja ya kujifunza kusema "vosotros". Jifunze kuielewa tu. Kwa ajili hiyo, tenga usiku mmoja au miwili kwa wiki kwa video za Hispania, ikiwezekana za mada zile zile ulizozizoea, mapishi na masoko, ili kigeni kiwe ni lafudhi peke yake. Shirika la utangazaji la umma la huko, RTVE, lina vipindi vingi vya aina hiyo.

Matamshi hayanipi wasiwasi sana kwa upande wako. Irabu za Kihispania ni tano kama zetu. J ni kh ya "kheri", ñ ni ny, d iliyo kati ya irabu hulainika hadi karibu na dh ya "dhahabu", na g kati ya irabu huelekea gh ya "ghali". Mkazo wa neno, kama neno linaishia kwa irabu, n au s, huangukia silabi ya pili kutoka mwisho, pale pale tunapouweka sisi, na linapokwenda kinyume huandikwa alama. Alama hiyo usiidharau: "hablo" ni nazungumza, "habló" ni alizungumza. Fanya bidii kwenye r moja na rr, kwa kuwa "caro" ni ghali na "carro" ni gari, nawe utayahitaji yote mawili kila siku.

Katika kuchagua video, tafuta zilizotengenezwa na Wameksiko kwa ajili ya Wameksiko. Canal Once, televisheni ya umma iliyoanza 1959, na TV UNAM ya chuo kikuu cha taifa, zina masimulizi yaliyotulia na lugha safi. Zile zinazotengenezwa kwa ajili ya wasafiri huwa na muziki mwingi na maneno machache, na mara nyingine hupotosha: maandamano makubwa ya siku za marehemu katika Jiji la Meksiko, yanayoonyeshwa kana kwamba ni ya kale, yalianza mwaka 2016, baada ya filamu ya James Bond iliyotoka 2015 kuyabuni. Cha kale ni madhabahu ya nyumbani, maua ya "cempasúchil", na chakula alichokipenda marehemu. Kumbuka pia kwamba Meksiko si moja. Serikali yake inatambua lugha 68 za wenyeji; kaskazini "tortilla" nyingi ni za ngano, na Yucatán ina mapishi na lafudhi yake. Wewe unayetoka nchi yenye makabila zaidi ya mia hutashangaa, lakini wageni wengi wa lugha hiyo husahau.

Niwe mkweli kuhusu muda. Dakika arobaini kwa miezi minane ni takriban saa 160. Wanadiplomasia wa Marekani, wanaosomeshwa na walimu kila siku, hukadiriwa kuhitaji saa kati ya 600 na 750 za darasani ili waweze kufanya kazi kwa Kihispania. Kwa hiyo hujachelewa. Uko njiani, na sehemu ya saa hizo ilikwenda kwenye kusoma Kiingereza. Ningependa dakika zako arobaini zigawanywe: kumi na tano za kutazama kipya kwa raha, kwa maana ile hamu uliyoanza nayo ndiyo iliyokuweka hapo kwa miezi minane na haipaswi kuuawa na mazoezi, na zilizobaki ziwe za ile video moja fupi unayoisimulia mwenyewe.

Kuna mambo ambayo video hazitakufanyia hata ukitazama miaka kumi. Tofauti ya "ser" na "estar", ambavyo vyote ni "kuwa", na ya "por" na "para", ambavyo mara nyingi vyote hutafsiriwa "kwa", huhitaji mtu wa kukusahihisha pale unapokosea, la sivyo kosa hukomaa na baadaye huwa gumu kung'oka. Kama baada ya miezi mitatu ya kujirekodi bado huwezi kusimulia dakika mbili bila kusimama, tafuta mwalimu wa ana kwa ana, hata kwa saa moja tu kwa wiki, na umpelekee rekodi zako asikilize. Kama unalenga DELE au unataka hati ya kumwonyesha mwajiri, pata mwalimu anayeujua mtihani huo, maana una mbinu zake. Na kama unaona kwamba hata Kiswahili kinakupotea watu wanapozungumza kwa pamoja, au unaomba kurudiwa mara kwa mara kwenye gari linalonguruma, nenda ukapimwe masikio hospitalini kabla ya kuilaumu lugha.

Liko jambo moja ambalo singekushauri ulifanye peke yako hata leo. Sentensi za usalama, yaani maelekezo ya kutoshuka garini, kutowakaribia wanyama, kufunga madirisha, na maswali juu ya dawa, mzio na maumivu, ziandike zote kwenye karatasi na umpelekee mtu anayekijua Kihispania vizuri azisikilize neno kwa neno, kabla hujapokea tena kundi linalokutegemea wewe peke yako. Mwalimu wa lugha anatosha. Mgeni anayerudi mara kwa mara naye atakusaidia kwa furaha, mradi uwe umezijaribu mbele yake mkiwa bado mmekaa hotelini.